Saa ya fundi: niliyojifunza kwa kupokea wanafunzi wa fildi gereji, Arusha

Kila vyuo vinapokaribia kufunga, vijana wenye bahasha za kaki huanza kufika getini kwetu. Wengine wanatoka vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wengine Chuo cha Ufundi Arusha, kile kilichoanza mwaka 1978, na wengine vyuo vya watu binafsi. Barua zao zinafanana: tunaomba umpokee mwanafunzi wetu kwa mafunzo kwa vitendo. Gereji yetu iko eneo la Unga Limited, na riziki yetu ni magari ya safari, hasa Land Cruiser zilizorefushwa na kuwekewa paa la kunyanyua ili mgeni asimame aangalie wanyama. Mimi ndiye msimamizi. Ratiba, spea, mishahara na barua hizo zote hupita mezani kwangu, na zimepita kwa miaka mingi kiasi kwamba leo nasema bila kusita jambo ambalo vyuo na waajiri hatupendi kuambiana: nafasi ya mwanafunzi haijawahi kuwa tatizo. Uwanja upo, ovaroli zinapatikana, spana zipo. Kilicho haba ni saa ya fundi mzuri. Mwajiri asipoitenga saa hiyo na kukubali kwamba inamgharimu, mwanafunzi amepewa mahali pa kusimama tu.

Nieleze inavyogharimu, maana walio nje ya kazi hii hudhani mafundi ni wachoyo. Gari limerudi jana usiku kutoka Serengeti na keshokutwa alfajiri linatakiwa uwanja wa ndege wa KIA kupokea wageni wengine. Lami inaishia lango la Loduare, pale unapoingia Ngorongoro. Kuanzia hapo hadi Naabi, lango la Serengeti, na kuendelea ndani ni vumbi, mawe na ile mikunjo midogo ya barabara inayotikisa gari mpaka nati zinajifungua zenyewe. Kwa hiyo linaporudi linakuja na mengi: bushi zimekwisha, shokomzoba inavuja, jani la springi limekatika, filta ya hewa imejaa vumbi laini, waya mmoja umekatika mahali pasipoonekana. Fundi wetu mkuu anafungua difu, anakuta oili imegeuka rangi ya maziwa. Maana yake maji yameingia. Yameingilia wapi? Je, gari lilivuka mto? Sili ipi imechoka? Kumweleza kijana hayo yote, akauliza, akajibiwa, akashika mwenyewe, ni saa nzima. Na wakati huo meneja wa kampuni ya utalii anapiga simu anauliza gari limefika wapi. Saa ile ni ya mteja, na mteja hajakubali kumlipia mwanafunzi.

Ndiyo maana desturi ya gereji nyingi mjini hapa inafanana. Kijana anapewa karai la dizeli aoshe vyuma, anashika tochi, anatumwa spea, anafuata chai. Jioni anaandika kwenye logibuku: "Leo nimesaidia kubadilisha oili." Kesho yake anaandika hivyo hivyo. Mwalimu wa chuo anafika mara moja, anaongea na msimamizi ofisini, anajaza fomu yake, anaondoka kuwahi gereji nyingine maana naye ana wanafunzi waliotawanyika mji mzima. Muda ukiisha kijana anagongewa muhuri. Kila mmoja ameondoka na karatasi yake, na ufundi umebaki palepale ulipokuwa.

Kilichotulazimisha kufikiri upya ni mwaka 2020. Mwaka uliotangulia Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, korona ilipoingia, wakashuka hadi kama 620,000. Arusha takwimu hiyo haikuwa ya kusoma gazetini. Ilikuwa magari yaliyopaki mpaka nyasi zikaota chini ya matairi, na mafundi ambao hatukuwa na kazi ya kuwapa. Mmoja alikwenda Mang'ola kulima vitunguu, mwingine akaingia kwenye bodaboda, mwingine akapata kazi mgodini na mpaka leo yuko huko, analipwa vizuri. Wageni wakarudi, tena kwa kasi. Mwaka 2023 walipita milioni 1.8. Mafundi wetu wengi hawakurudi nao. Tukatangaza nafasi. Waliokuja walikuwa na vyeti, vingine vizuri sana, na karibu wote walikuwa wamepita fildi katika gereji za hapa hapa. Ukimpa mmoja gari linalolia gurudumu la nyuma, anakutazama. Atataja sehemu zote za bearingi kwa mpangilio wa kitabu, lakini hajawahi kushika gurudumu akalizungusha na kusikiliza.

Niliomba kuona logibuku zao. Zilijaa oili.

Nikazipeleka kwa mwenye gereji, nikamwekea mezani. Alisoma mbili tatu, akaniambia: "Mama, hawa ndio mafundi wetu wa miaka mitano ijayo. Panga tunavyowafundisha, gharama niletee." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango, kwa sababu waajiri wengi husema ile ya kwanza na kuishia hapo.

Jambo la kwanza tulilogusa likawa kalenda, na mpaka leo naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote. Vyuo hupanga fildi kufuata mitihani. Utalii una kalenda yake. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, na tena kuanzia Krismasi kuendelea, gari linaingia usiku na kutoka alfajiri. Hakuna kinachofunguliwa isipokuwa kilichovunjika. Masika ikija, hasa Aprili na Mei, barabara za hifadhini zinaharibika, kambi nyingi zinafungwa, wageni wanapungua, na hapo makampuni huleta magari kwa matengenezo makubwa. Injini zinashushwa. Gia boksi zinafunguliwa mpaka mwisho. Bodi inavuliwa, chesisi inakaguliwa nyufa, inachomelewa, inapigwa rangi. Gari moja linaweza kulala kwetu wiki kadhaa likiwa vipande, na kila kipande unaweza kukishika ukakigeuza. Kwa mtu anayejifunza hakuna wakati mzuri zaidi ya huo. Lakini wanafunzi walikuwa wanaletwa Julai na Agosti, wakati ambao fundi hana hata muda wa kunywa chai yake, na Mei gereji ikiwa imejaa injini zilizofunguliwa wao wako darasani wanachora injini ubaoni.

Tuliandika barua kwa vyuo tunavyofanya navyo kazi, tukaeleza hayo kwa lugha rahisi, tukaambatanisha orodha ya magari tunayotarajia kuyafungua masika. Chuo kimoja kilijibu kwamba ratiba imeshapangwa na haiguswi. Kingine hakikujibu kabisa. Katika chuo cha tatu mkuu wa idara alikuja mwenyewe, akazunguka gereji, akauliza maswali ya mtu aliyewahi kushika spana, akasema ratiba nzima hawezi kuibadili ila anaweza kutuletea kikundi kidogo masika kwa majaribio. Kikundi hicho kilikaa nasi mpaka mvua zilipokatika. Kilichoonekana kilitosha, na mwaka uliofuata hakuhitaji kumshawishi mtu tena. Tangu hapo nawaambia waajiri wenzangu: kama hujawahi kukiambia chuo ni mwezi gani kazi yako inafundishika, usikilaumu kwa kukuletea mwanafunzi mwezi mbaya. Hoteli za Moshi zinazopokea wapandaji wa Mlima Kilimanjaro nazo zina miezi yake. Kiwanda cha sukari kina msimu wa kusaga na msimu wa kufungua mashine. Mwalimu hawezi kuyajua hayo akiwa ofisini kwake.

La pili ndilo hilo la saa. Tukaamua kwamba saa mbili mpaka saa tatu asubuhi fundi mkuu ni wa wanafunzi. Simu za wateja napokea mimi. Gari la dharura linashikwa na fundi mwingine. Tunaihesabu saa hiyo katika gharama za gereji kama tunavyohesabu umeme, na fundi anaongezewa posho kwa ajili yake. Mwenye gereji aliponiuliza inarudi vipi, nilimwonyesha tulichopoteza kwa kuajiri watu wenye vyeti tukawafundisha upya kwa mshahara kamili huku wakiharibu spea. Hakuuliza tena.

Lakini fundi mkuu mwenyewe hakuwa tayari, na sababu yake ilikuwa nzito. Ni mtu mzima, amejifunza kazi hii chini ya miti, kwa makofi na kwa kuvumilia, na hana cheti hata kimoja. Tulipomweleza mpango alinyamaza, halafu akaniambia tukiwa wawili: "Mama, nikimfundisha huyu kijana kila kitu, mwakani mtaniambia mimi ni ghali." Sikuweza kumwambia hofu hiyo haina msingi, kwa sababu ameona ikitokea kwa wenzake. Mafundi wengi wanaficha ujuzi kwa sababu hiyo hiyo. Wanamtuma kijana dukani pale ambapo kazi inafika mahali pa siri. Mwajiri anayedai fundi wake afundishe bila kumhakikishia kesho yake anaomba kitu ambacho yeye mwenyewe asingekitoa. Ilibidi iandikwe kwenye mkataba wake: kufundisha ni sehemu ya cheo chake, malipo yake yanapanda kwa hilo, na hakuna mwanafunzi atakayechukua nafasi yake. Alipoweka sahihi, ndipo alipoanza kufundisha. Nataka hili lisikike vizuri kwa wanaoandika miongozo ya uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kazini: miongozo inazungumza sana kuhusu chuo, mwajiri na mwanafunzi, na mtu wa nne, yule anayeshika spana mbele ya kijana, hutajwa kwa kupita.

Tena kujua kazi hakumaanishi kujua kuifundisha. Walimu wa ufundi stadi hupikwa Morogoro, kwenye chuo cha VETA cha walimu. Fundi wetu hajapita huko wala hatapita. Yule mkuu wa idara akamleta mwalimu mmoja akae na fundi siku kadhaa, wakaichambua kazi moja moja. Breki, kwa mfano. Unaanzaje? Unamwonyesha mzima mzima, kisha unafanya naye polepole, kisha anafanya yeye unaangalia mikono yake, kisha unamwachia peke yake na kumwuliza kwa nini. Fundi alishangaa kwamba kuna watu wanalifanya hilo kwa utaratibu. Mwalimu naye alikuwa na ya kushangaa: aligundua magari tunayohudumia yana matatizo ambayo mtaala wake unayapitia haraka, wakati wiki nyingi zinakwenda kwenye injini ya petroli yenye kabureta iliyofungwa kwenye fremu ya chuo.

Tulikaa tukachambua kadi za kazi za gereji za msimu mzima. Kazi iliyo nyingi kwetu iko chini ya gari: springi, bushi, shokomzoba, breki, bearingi. Inayofuata ni umeme na mfumo wa kupooza injini. Kufungua injini yenyewe ni kazi ya heshima, lakini haiji kila siku. Land Cruiser nyingi tunazozitunza zina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye mitungi sita, haina turbo wala kompyuta ya kuiendesha. Ndiyo iliyobeba utalii wa kaskazini kwa miaka mingi, na ugonjwa wake fundi mzuri anausikia kwa sikio na kuuona kwenye rangi ya moshi. Magari mapya yanayoingia sasa yana injini ndogo ya lita 2.8 yenye sensa kila mahali, na huko sikio halitoshi. Lazima uchomeke mashine usome. Hapa wanafunzi walitupa kitu. Kijana mmoja kutoka chuoni alikuwa anaisoma mashine ya kupimia vizuri kuliko fundi yeyote tuliyenaye, na fundi mkuu, mzee wa watu, alikaa naye jioni baada ya kazi akifundishwa. Siku hiyo gereji nzima iliona kitu ambacho mkutano wowote wa ofisini usingeweza kukisema.

Logibuku tuliibadili pia, kwa kukubaliana na chuo. Badala ya "nimesaidia kubadilisha oili", kijana anaandika gari lilikuja na malalamiko gani, yeye alidhani ni nini, ilikutwa ni nini, na alijuaje. Mistari minne. Mwanzoni wanaichukia. Lakini ukisoma kurasa za wiki ya kwanza na za mwisho utajua kama mtu amekuwa fundi au la, bila hata kumwona.

Kuna saidia fundi nao. Hawa ni vijana waliokuja gereji bila chuo, wengi wameishia darasa la saba au kidato cha nne, wakaanza kwa kuosha vyuma na sasa wanashusha gia boksi peke yao. Wakiona mwanafunzi wa chuo anapewa saa ya fundi na chakula, moyo unauma, na wana haki. Sisi tuliwaunganisha wawili wawili: wa chuo na wa gereji. Mmoja anajua jina na sababu, mwingine anajua mkono na sauti. Halafu tukawapeleka saidia fundi kwenye mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi, ule unaompima mtu aliyejifunza kazini na kumpa cheti cha anachokijua. Walipata. Mmoja wao sasa ana leseni, ana cheti, na kampuni ya utalii imemchukua kuwa fundi wa kambini huko Serengeti, mahali ambapo gari likikwama hakuna wa kumwita. Tulimpoteza, na nilifurahi kumpoteza kwa namna hiyo.

Sasa niseme kuhusu fedha, kwa sababu nimeisikia hoja moja kwenye kila kikao cha waajiri nilichowahi kuhudhuria. Mwajiri anainuka, anasema: sisi tunalipa SDL kila mwezi, mafunzo ni kazi ya serikali. Ni kweli tunailipa. Mwenye wafanyakazi kuanzia 10 anakatwa tozo hiyo ya kuendeleza ujuzi juu ya mishahara yote, na mwenye pesa ndogo anaisikia. Hapo nyuma ilikuwa asilimia 6, ikapunguzwa kidogo kidogo hadi 3.5. Waajiri wana haki ya kuuliza inakwenda wapi, na waulize kwa sauti. VETA yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ambayo iliwapa waajiri viti kwenye bodi zake, kwa hiyo pa kuulizia papo. Ila tozo hiyo, hata ikienda yote chuoni, itajenga darasa, itanunua mashine, itamlipa mwalimu. Haiwezi kumletea mwanafunzi Land Cruiser iliyotoka Naabi ikiwa na springi iliyokatika na dereva anayesema kuna mlio lakini hajui uko wapi. Hiyo tunayo sisi tu. Kulipa SDL na kufundisha ni mambo mawili, na la pili halina wa kulifanya badala yetu.

Nauli na chakula ni mambo madogo kwenye vitabu vya hesabu na makubwa kwenye maisha ya kijana. Mwanafunzi anayetoka Usa River au Ngaramtoni anapanda vifodi viwili kufika kwetu na viwili kurudi. Wazazi wameshalipa ada. Wapo waliokuwa wanashinda na maji tu mpaka jioni, wanasema wamefunga. Tukaamua wanakula kwa mama ntilie wetu pamoja na mafundi, kwa hesabu ya gereji, na nauli wanapewa kila Jumatatu. Mtu mwenye njaa chini ya gari lililo kwenye jeki ni hatari, kwake na kwa wengine. Na kuhusu usalama sina mjadala: kabla hajagusa gari, anajifunza jeki, stendi, miwani, buti na namna ya kuzima betri. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wanakagua, ndiyo, lakini hata wasingekagua, mzazi amenikabidhi mtoto.

Kuhusu mabinti nitasema yale yaliyotuhitaji kubadilika. Vyuo vinawadahili, tena wengine ndio wanaoongoza darasani, lakini gereji nyingi hazina choo cha wanawake wala mahali pa kubadilishia nguo. Binti anakuja na ovaroli ameivaa tangu nyumbani, hanywi maji kutwa nzima ili asihitaji choo. Tulijenga choo. Halafu fundi mmoja aliyezoea kutania mabinti kwa maneno kuhusu miili yao aliambiwa mbele ya wenzake kwamba hayo yakirudiwa hana kazi, naye aliacha. Hayakuwa mambo magumu. Yalihitaji mtu mwenye mamlaka ayaone kuwa sehemu ya mafunzo.

Watu hupenda kuniuliza kama tuige Ujerumani. Kule mwanagenzi anaingia mkataba na kampuni yenyewe, analipwa posho na kampuni, anakaa kazini siku tatu au nne kwa wiki na chuoni siku zinazobaki, kwa miaka kama mitatu, na mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba ya mafundi au ya biashara. VETA imeujaribu mfumo wa aina hiyo na washirika wa Ujerumani, Moshi ikiwa mahali pamojawapo, na nchi yetu tangu 2017 ina mwongozo wa taifa wa uanagenzi. Ninaupenda mfumo huo kwa jambo moja: mkataba unaanzia kwa mwajiri. Lakini kampuni za kule zina chemba zenye nguvu nyuma yao. Sisi huku gereji zetu ni ndogo. Moja ina mafundi watano, nyingine ina mmoja na nduguye. Gereji ndogo haiwezi kumfundisha kijana kila kitu kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo tulichofanya ni kuungana na majirani. Sisi tuna kazi ya chini ya gari na injini. Jirani wa upande wa pili ni fundi umeme wa magari, hana mpinzani mtaa huu. Wa tatu anachomelea bodi na kupiga rangi. Kijana anaanza kwetu, anahamia kwa fundi umeme, anamalizia kwenye bodi, na logibuku ni moja. Chuo kinaandikiana barua na gereji moja tu, sisi wenyewe tunajua tunavyogawana. Mwanzoni kulikuwa na mvutano kuhusu nani alipe chakula, ukaisha kwa kugawa kwa wiki. Sijaona njia nyingine ambayo gereji za ukubwa wetu zinaweza kubeba mafunzo ya maana.

Na mzigo unakuja mkubwa. Serikali inajenga vyuo vya VETA vya wilaya 64, na tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza sekondari, mtoto wa kidato cha kwanza anaanza kujifunza ufundi. Nimefurahi kwa moyo wote. Nimelilia jambo hili miaka. Lakini kila chuo kipya ni bahasha za kaki zaidi, na sijasikia mpango wowote wa kuongeza saa za mafundi. Chuo kinachojengwa wilayani leo kingeanza kwa kuhesabu mafundi walio karibu nacho, wanaweza kupokea wangapi na mwezi gani, kabla hata ya kuagiza mashine. Wakuu wa vyuo wakinialika nitasema hivyo hivyo.

Masika hii inayokuja tumeomba kitu tofauti. Magari ya safari yanayotumia umeme yameanza kuonekana Arusha, na sisi hatuna mtu anayeweza kufungua betri kubwa kama ile bila kuhatarisha maisha yake. Chuo hakina mwalimu wa hilo pia. Tumekubaliana na mkuu wa idara kwamba kabla ya kuleta wanafunzi, atamleta mwalimu mmoja akae gereji kipindi chote cha matengenezo, avae ovaroli, afanye kazi na fundi mkuu asubuhi na fundi umeme mchana, kisha wote watatu waende kujifunza mfumo huo kwa wanaoujua. Mwalimu mmoja akirudi darasani na ujuzi huo atafundisha darasa baada ya darasa, wakati mwanafunzi mmoja angeondoka nao peke yake. Nauli ya mwalimu tunalipa sisi, mshahara wake analipwa na chuo. Mkataba uko kwa mwenye gereji, anasoma kipengele cha bima.